Gezaulole na Nguvu Kazi: Enzi Zile Ukikosa Kazi Dar, Unapelekwa Shamba

Siku hizi maisha yakikaba watu wanatania, "bora nirudi kijijini nikalime." Mwaka 1983 haukuwa utani. Unasimamishwa barabarani, unaulizwa kitambulisho cha kazi. Huna? Panda gari, safari ya shamba.

Hiyo ndiyo Nguvu Kazi, enzi za Mwalimu Nyerere, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine. Sheria ilitaka kila mwenye nguvu awe na kazi halali. Hata wachuuzi wadogo waliokuwa wanajitafutia riziki yao walikumbwa.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 70, vijana wasio na ajira walitolewa mjini wakaanzishe kijiji cha ujamaa Gezaulole, Temeke ya wakati ule, leo Kigamboni. Jina ni la Kizaramo, maana yake: jaribu uone.

Wengi wa 1983 walijaribu, wakaona, wakarudi. Gari la kuwapeleka lilikuwepo, cha kuwabakiza huko hakikuwepo. Wakarudia vyumba vyao vya kupanga uswahilini, wakaanza upya.

Pengine mmoja wao ni babu yako. Muulize, alirudi vipi?