Masijala, alama ya @ na barua niliyoisahau

Kwanza niungame. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mwandishi mchanga, mama mmoja niliyekuwa nimemhoji aliniandikia barua pepe akiniomba nisitoe jina la binti yake. Niliifungua kwenye daladala, nikajisemea moyoni, nitaishughulikia nikifika. Nilipofika zilikuwa zimeingia nyingine arobaini na kitu. Ile ya mama ikazama, na kwa kuwa nilikwishaifungua, haikuwa tena na ule wino mzito wa kuniita. Kesho yake jina la binti likatoka gazetini. Mama akapiga simu. "Mwanangu, mbona nilikuandikia?" Hakutukana. Bora angetukana.

Nikaanza kujiuliza: hivi haya mafuriko yalianzia wapi?

Mwaka 1965 pale MIT, Marekani, Tom Van Vleck na Noel Morris waliandika programu ya kuwawezesha watu wanaotumia kompyuta moja kuachiana ujumbe. Mwaka 1971 Ray Tomlinson (alifariki 2016), wa kampuni ya BBN, akatuma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ARPANET. Ndiye aliyechagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine yake.

Haukupita muda watu wakaanza kulalamika! Barua zilikuwa zinamwagika moja baada ya nyingine kama risiti ndefu ya dukani. Ukitaka ya mwisho, pitia zote. Mmoja wa waliolalamika ni Stephen Lukasik, mkurugenzi wa ARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi. Mwaka 1972 Larry Roberts, aliyekuwa chini yake, akaandika programu iliyoitwa RD: inakuorodheshea barua, unachagua ya kusoma, unahifadhi, unafuta. Kwa maneno mengine, kilio cha kikasha kilichofurika ni karibu rika moja na alama ya @. Mwaka 1973 ARPA walipopima, robo tatu ya shughuli zote za mtandao ule ilikuwa barua pepe. Mwaka 1975 John Vittal akatoa programu ya MSG, yenye amri ya kumjibu mtu bila kuandika upya anwani yake. Kujibu kukawa rahisi, na barua zikazaana.

Sasa turudi nyumbani. Kabla ya yote haya ofisi zetu za serikali zilikuwa na masijala, urithi wa utawala wa Waingereza. Barua ikiingia inagongwa mhuri wa tarehe, inaandikwa kwenye rejesta, inapewa namba ya folio na kuwekwa kwenye jalada lake. Ndiyo maana hadi leo barua rasmi ina "Kumb. Na." na "YAH:". Bwana mkubwa akishindwa kumaliza jambo leo, anaandika "B.U." na tarehe. Siku hiyo ikifika, karani analirudisha jalada mezani kwake, apende asipende.

Simaanishi masijala ilikuwa pepo. Sote tunajua habari za jalada lililopotea na "njoo kesho". Ila ilitambua kwamba kuhifadhi ni kazi moja na kufuatilia ni kazi nyingine, na kila kazi ina mtu wake. Barua pepe ilipokuja, kikasha kimoja kikageuzwa sanduku la posta, rejesta, kabati na kalenda. Karani akaondoka, na kazi yake tukaachiwa sisi bila kuambiwa.

Waliofuata walijaribu kuziba pengo. Mwaka 2001 David Allen alitoa kitabu chake, Getting Things Done, akasisitiza kwamba jambo la dakika mbili lifanywe hapo hapo. Gmail ilipoanza mwaka 2004 ilitoa gigabaiti nzima wakati Hotmail ilikuwa ikitoa megabaiti 2, na badala ya majalada ikaleta lebo na utafutaji. Sawa, lakini huwezi kutafuta kitu ambacho umesahau kwamba kipo. Mwaka 2006 Merlin Mann akaanza kuhubiri kikasha kitupu. Na mwaka 2018 Gmail ikaongeza kitufe cha kuahirisha barua ili irudi siku utakayotaja. Jamani, si ndiyo "B.U." hiyo!

Siku hizi nimejifanya karani wangu mwenyewe. Barua yenye kazi siiachi kikashani: naiandika kwenye daftari kwa kitenzi ("ondoa jina", "mpigie daktari"), naitajia siku, ndipo naihifadhi. Na kabla habari haijaenda mitamboni, natafuta jina la kila niliyemhoji nione kama ameniandikia. Inachukua dakika tano.

Yule mama nilimwomba radhi. Alinisamehe, ila jina la binti yake halikurudi lilikotoka.

Wewe je, kikashani mwako kuna nani anayesubiri?