Tundu la Milimita Moja: Historia Fupi ya Mashine ya Kusaga

Kiangazi kilichopita wachache wetu wa klabu tulikwenda kutazama maonyesho ya injini kuukuu kwenye shamba moja la Gloucestershire. Tusidanganye kwamba tulikwenda kufanya utafiti. Mwenzetu alikuwa na gari, jua lilikuwa limetoka baada ya wiki mbili za mvua, na tulisikia kuna nyama ya kuchoma. Tulikuwa bado kwenye foleni ya chipsi tuliposikia mlio kutoka nyuma ya safu ya matrekta: tuk... tuk... tuk..., wa taratibu, kama mtu mzima anayetembea bila haraka. Wenzetu wawili, mmoja wa Njombe na mwingine wa Kakamega, waligeuka kwa pamoja wakasema neno lile lile: "Mashine!"

Ilikuwa injini ya Lister ya silinda moja, ya kijani, yenye magurudumu mawili mazito ubavuni. Mzee mwenye nayo alikuwa ameipaka rangi upya na kuipangusa hadi inang'aa. Haikuwa ikizungusha kitu chochote. Alipotuuliza kama tumewahi kuona kitu cha namna hiyo, tukamweleza kwamba kwetu ndiyo inayosaga unga, na kwamba watoto wa vijiji vingi walizoea mlio wake kabla hawajajua kusoma saa. Mzee akafurahi sana. Akatuambia kiwanda chake kilikuwa Dursley, mwendo mfupi tu kutoka pale tulipokuwa. "Nanyi mlikuwa mkisaga nini?" Tukamjibu: mahindi. Jibu lile ni la kweli lakini ni fupi mno, na makala haya yametokana na ufupi wake.

Kabla mahindi hayajatawala, bibi zetu wa bara walisaga mtama, uwele na ulezi juu ya jiwe: jiwe kubwa limelala, dogo liko mikononi, na mwanamke amepiga magoti anasukuma na kurudisha. Mahindi yalipozidi kuenea, kinu na mchi vikapata kazi ya ziada, kwa sababu punje yake ni kubwa na ganda lake ni gumu. Aliyetaka sembe nyeupe alitwanga kwanza kwa maji kidogo ili ganda litoke, akapepeta kwa ungo, akaloweka siku mbili tatu, akaanika, akatwanga tena, akachekecha, na chenga zilizobaki akazirudisha kinuni. Ugali wa jioni moja ulianza kuandaliwa siku kadhaa nyuma. Kazi hiyo haikuandikwa katika daftari la mtu yeyote.

Mahindi yaliletwa Afrika na Wareno karne nyingi zilizopita, lakini kushika kwake sehemu kubwa ya bara ni habari ya karne ya 20, na neno linaloifungua habari hiyo ni posho. Wenye mashamba ya walowezi, ya mkonge, na wenye kujenga reli walilipa ujira sehemu fedha, sehemu chakula, na chakula kilichowafaa wao ni unga wa mahindi: rahisi kununua, rahisi kubeba, rahisi kupima. Nchini Kenya kipimo kilichozoeleka kilikuwa ratili mbili kwa mtu kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kilo moja. Lakini kibarua aliyeacha mke nyumbani aliacha na kinu pia. Kambini ilibidi unga uje umeshasagwa, na ubora wa kusagwa kwake ukawa mikononi mwa mtu asiyeula.

Jambo hili lilionekana waziwazi, na kwa uchungu, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Majeshi ya Uingereza yalipokuwa yakimfuata von Lettow-Vorbeck katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, mizigo ilibebwa kwa vichwa vya watu. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Ndiko lilikotoka jina la Kariakoo ya Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi. Posho ya wapagazi ilikuwa hasa unga wa mahindi. Wengi wao walitoka katika nchi za ndizi, za mtama au za wali, na unga waliopewa ulikuwa wa chenga chenga, mara nyingi pamoja na maganda yake. Unga wa namna hiyo hutaka muda mrefu jikoni. Njiani hapakuwa na muda, sufuria zilikuwa chache, na msimu wa mvua kuni zilikuwa zimelowa. Watu wakala unga mbichi uliopashwa moto, matumbo yakachubuka, na ugonjwa wa kuhara damu ukapata njia. Kumbukumbu za serikali zinahesabu wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wa Waingereza, na wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi ilipita hapo kwa mbali. Walioangushwa na maradhi walikuwa wengi kuliko walioangushwa na risasi. Hatusemi kwamba chenga za mahindi ndizo zilizowaua wote. Tunasema tu kwamba upana wa tundu la chekeche si jambo dogo.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Punje unaweza kuibana, kuisugua au kuipiga. Jiwe husugua. Rola za chuma za viwanda vikubwa vya ngano hubana na kukata. Kinu cha nyundo, ambacho ndicho watu wa kwetu wanachokiita mashine ya kusaga, au posho mill ukiwa Kenya, hupiga. Wazo la kuvunja kitu kikiwa hewani, bila kukilaza juu ya kingine, lilipata hataza huku huku Uingereza mwaka 1859, kwa Thomas Carr wa Bristol. Yeye alitumia vizimba viwili vya nondo, kimoja ndani ya kingine, vikizunguka kwa kupishana. Vilikuwa vya kuvunjia mbolea na mawe ya madini, na baadaye ngano ikajaribiwa humo. Wamarekani ndio walioeneza muundo tunaoujua, wa nyundo zinazoning'inia na chekeche la chuma. Kufikia miaka ya 1920 mkulima wa huko aliufunga kwenye trekta akasagia chakula cha ng'ombe. Tulipoligundua hili mwenzetu wa Kakamega alinuna kidogo.

Ndani ya kinu kuna shafti moja inayobeba sahani za chuma, na katikati ya sahani hizo zimepitishwa pini. Kwenye pini zimetundikwa nyundo: vipande bapa vya chuma kigumu, urefu wa kiganja hivi, vinavyocheza huru. Mashine ikiwa imesimama zinaning'inia kama funguo. Ikikolea mwendo zinanyooka zote kuelekea nje. Shafti huzunguka mara 3,000 hivi kwa dakika, na kwa kinu chenye kipenyo cha sentimita 45 kutoka ncha hadi ncha, hesabu inaonyesha kwamba ncha ya nyundo inakwenda zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Punje inayodondoka kutoka kwenye hopa haisagwi, inagongwa kama mpira. Vipande vinarushwa ukutani, vinarudi, vinagongwa tena. Hakuna kinachotoka mpaka kiwe kidogo kuliko tundu la chekeche lililozunguka sehemu ya chini, na kwa kuwa vipande hulifikia tundu kwa upande, unga hutoka mwembamba kuliko tundu lenyewe. Kwa ugali tundu huwa milimita moja au pungufu. Kwa chakula cha kuku, milimita tatu na kuendelea. Kubadili kazi ni kubadili bamba la chekeche tu. Katika mashine nyingi feni hunyonya unga na kuupandisha kwa bomba hadi kwenye saikloni, lile pipa lenye umbo la koni, ambamo upepo huzungushwa hadi unga ukachoka, ukashuka kwenye mfuko.

Uzuri wa muundo huu ni uvumilivu wake. Jiwe la kusagia la kiwandani hutaka fundi wa kulichonga upya mifereji yake, na fundi huyo hapatikani kila mtaa. Nyundo ikilika kona moja, unaigeuza. Ina kona nne, basi ina maisha manne. Msumari ukiingia pamoja na mahindi, nyundo hurudi nyuma kwenye pini yake badala ya kuvunjika. Kuitengeneza kunahitaji chuma cha bapa, mashine ya kuchomelea na fundi mwenye macho mazuri, na ndiyo sababu leo vinu hivi vinaundwa katika karakana za mijini kwetu wenyewe.

Shida ilikuwa mwendo. Injini za Lister za aina tuliyoikuta shambani zilianza kutoka Dursley mwanzoni mwa miaka ya 1930, na zile za nguvu za farasi 6, au 12 kwa silinda mbili, zilizunguka mara 650 tu kwa dakika. Ni mwendo wa punda, na kama punda, hazikuchoka. Ili 650 iwe 3,000, puli ya injini ilipaswa kuwa na kipenyo mara nne na nusu ya puli ya kinu, na mkanda mrefu ukaunganisha mbili hizo. Ule mkanda unaopepea upande mmoja wa kibanda, mara nyingi bila kinga yoyote, ndio akina mama waliwakemea watoto wasiusogelee, nao wenyewe wakizikaza kanga zao.

Mwendeshaji huwasha kwa hendeli kilango cha hopa kikiwa kimefungwa, husubiri mwendo utulie, kisha hufungua kidogo kidogo. Anasikiliza. Mlio ukizama, amemimina kupita kiasi. Akiendelea, mkanda utateleza au injini itazima, na kinu kilichojaa nusu unga hufunguliwa kwa mikono. Mahindi mabichi yanaziba chekeche. Unga ukitoka wa moto, nyundo zimelika. Chekeche likitoboka, wa kwanza kujua ni mwanamke aliyeko mwisho wa foleni, anayeusugua unga kati ya vidole na kusema: "Mwanangu, hizi ni chenga." Wapagazi wa 1917 hawakuwa na mtu wa kumwambia hivyo.

Mashine zilienea vijijini hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wenye maduka wa Kihindi walikuwa nazo, misheni zilikuwa nazo, na wakulima Waafrika wenye uwezo wakanunua. Huko Kenya ya kati na ya magharibi watu walikuwa wameshajenga vinu vya maji tangu kabla ya vita, kwa hiyo biashara ya kusaga haikuwa ngeni kwao. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, vinu vikubwa vilitaifishwa, na ndipo lilipozaliwa Shirika la Taifa la Usagishaji. Vijiji vya ujamaa vilipojazwa watu katikati ya miaka ya 1970, mashine ya kijiji ilikuwa moja ya mambo yaliyotamaniwa sana pamoja na zahanati, shule na bomba la maji. Kisha ikaja bei ya mafuta, vita vya Kagera na ukame wa fedha za kigeni. Dizeli ikaadimika, beringi zikaadimika, na mashine nyingi zikasimama ndani ya vibanda vyao vilivyofungwa kufuli.

Hapa tulibishana sana tulipokuwa tukiandika. Baadhi yetu tulitaka kusema mashine ilimkomboa mwanamke. Mwenzetu wa Njombe akatuzuia. Alisema bibi yake hakuwahi kuuza kinu chake, kwa sababu mashine ilitaka senti, na senti zilikuwa mfukoni mwa babu. Miezi yenye fedha bibi alijitwika debe akatembea kwenda mashineni, akasubiri foleni, akarudi. Miezi mingine alitwanga. Kazi ambayo haikuwa na bei ikapata bei, na mwenye kuilipa akawa yule yule aliyekuwa akiifanya bure. Tuliandika sentensi ya ukombozi, tukaifuta. Lakini hakuna kati yetu ambaye angetaka kurudi kinuni, na mwenzetu wa Njombe alilikubali hilo wa kwanza.

Kuna na jambo la sembe na dona. Kinu cha nyundo peke yake hutoa dona, punje nzima na kiini chake. Anayetaka sembe hupitisha kwanza mahindi kwenye mashine ya kukoboa, ambayo nyingi ni za ukoo wa ile aliyobuni Engelberg huko Brazil mwaka 1885 kwa ajili ya kahawa na mpunga. Sembe hukaa muda mrefu ghalani kwa sababu kiini chenye mafuta kimeondolewa, na sehemu nzuri ya lishe imeondoka nacho. Dona ina lishe zaidi, ila huvunda mapema. Kwa miaka mingi Kenya, mkazi wa mjini hata hakupewa nafasi ya kuchagua vizuri: kusafirisha zaidi ya magunia machache ya mahindi kutoka wilaya hadi wilaya kulihitaji kibali, na nafaka ya serikali ilikwenda kwa viwanda vikubwa vilivyotoa unga mweupe wenye ruzuku. Mashine ndogo ya mtaani ilikuwepo, mahindi ndiyo yalikuwa ya kubahatisha. Vizuizi hivyo na ruzuku vilipoondolewa mwishoni mwa 1993, familia nyingi za kipato kidogo mijini zilianza kununua mahindi sokoni na kusagisha wenyewe, kwa bei iliyo chini ya ya pakiti. Mashine ilikuwa ile ile.

Kiwanda cha Dursley kiliacha kuunda injini zile katika miaka ya 1980, ingawa mafundi wa Rajkot, India, waliendelea kuziiga. Siku hizi pale penye umeme kinu huzungushwa na mota, inayokwenda karibu mara 2,900 kwa dakika na haihitaji puli kubwa. Mlio wa tuk tuk haupo. Mama yake mwenzetu wa Kakamega, kabla ya kujitwika mahindi, hupiga simu kwanza kuuliza kama umeme upo.