Betri ya Motokaa: Asili Yake na Maradhi Yake

Motokaa ikikataa kuwaka, watu walio karibu hawakawii kutoa hukumu. "Betri imekufa," husema mmoja, na wengine huitikia. Mara nyingine mwenye gari hutoa maelfu ya shilingi akanunua betri mpya, kisha gari likakataa vilevile. Kosa la kukilaumu kitu kisicho na hatia lilikuwapo hata kabla ya betri yenyewe kuzaliwa. Na kwa hakika ni katika kulisahihisha kosa hilo betri ya kwanza ilipopatikana.

Katika mji wa Bologna, nchini Italia, palikuwa na mwalimu wa elimu ya maungo aliyeitwa Luigi Galvani. Aliona kwamba miguu ya chura aliyekufa, ikitundikwa kwa kulabu ya shaba na kuguswa na chuma, hushtuka kana kwamba ingali hai. Mwaka 1791 alitangaza kwa maandishi kwamba umeme huo watoka mwilini mwa chura. Alessandro Volta, mwalimu wa chuo kikuu cha Pavia, hakuridhika. Aliuliza: je, ni chura atoaye umeme, au ni zile metali mbili zinazomgusa? Ili apate jibu alimwondoa chura. Alipanga visahani vya fedha na vya zinki, kimoja juu ya kingine, na katikati ya kila jozi akatia karatasi nzito iliyoloweshwa maji ya chumvi. Umeme ukatoka, wala chura hakuwapo. Mwezi wa Machi 1800 alipeleka habari hiyo London kwa barua. Galvani hakukosea kabisa, maana baadaye ilithibitika kwamba miili ya viumbe ina umeme wake. Lakini katika jambo la kulabu na chuma, chura alikuwa shahidi tu.

Betri ya Volta ilikuwa na upungufu: ikiisha, imeisha. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alichukua mabamba mawili ya risasi, ile metali nzito na laini, akayatenganisha kwa vipande vya mpira, akayaviringisha pamoja na kuyatumbukiza katika maji yenye tindikali ya sulfuriki. Betri hiyo ikiishiwa, iliweza kutiwa umeme upya. Mwaka 1881 Camille Faure, naye Mfaransa, aliyapaka mabamba unga wa risasi uliokandwa, yakaweza kuweka akiba kubwa zaidi. Umeme unapotumiwa, mabamba hufunikwa na chumvi nyeupe ya risasi, na tindikali hupungua ukali. Umeme ukirudishwa, chumvi huyeyuka na tindikali hurudi nguvu zake. Lakini betri ikiachwa siku nyingi bila umeme, chumvi ile huwa ngumu kama jiwe, isiyeyuke tena. Hayo ndiyo mauti ya betri nyingi.

Motokaa za kwanza hazikuwashwa kwa betri. Dereva alisimama mbele ya gari, akachomeka hendeli na kuizungusha injini kwa nguvu za mkono wake. Injini ikiwaka kabla ya wakati wake, hendeli ilirudi nyuma kwa kishindo, ikavunja mifupa ya mkono. Kwa hiyo madereva walifundishana kuweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine. Inasimuliwa kwamba Byron Carter, mtengenezaji wa magari wa Marekani aliyefariki mwaka 1908, alijeruhiwa na hendeli alipokuwa akimsaidia mwanamke aliyekwama, na kwamba msiba huo ulimfanya Henry Leland, mkuu wa Cadillac, atafute njia nyingine.

Aliyeipata njia hiyo ni Charles Kettering wa mji wa Dayton. Wataalamu walidai kwamba mota yenye nguvu za kuzungusha injini ingekuwa kubwa mno, isienee garini. Kettering alikuwa amekwisha kutengeneza mota za mashine za kupokelea fedha madukani, ambazo hutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi kisha hupumzika. Aliona kwamba hata injini yahitaji msaada wa nukta chache tu. Magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yakatoka na mota yake ya kuwashia, na mota hiyohiyo, injini ikisha kuwaka, iliirudishia betri umeme wake. Magari ya bei nafuu yalifuata: Ford Model T ilianza kupewa mota hiyo mwaka 1919.

Basi mkono ukapona, lakini kazi ya akili ikaongezeka, maana betri ni sanduku lililofungwa, na hali yake hujulikana kwa dalili tu. Dalili ya kwanza ni sauti. Injini ikizunguka kwa uzito na kuguna, hasa asubuhi ya baridi kama ya Limuru, yaelekea betri ni dhaifu, maana baridi hupunguza nguvu za betri na kuifanya oili iwe nzito. Ukisikia mlio wa ta-ta-ta upesi upesi, na taa zikififia, umeme hautoshi. Ukisikia mlio mmoja tu na taa zikawaka vizuri, ishuku mota au nyaya zake. Lakini injini ikizunguka kwa kasi isiwake, betri haina hatia. Tazama mafuta, au cheche za kuyawashia.

Dalili ya pili iko juu ya betri. Vichwa vyake vikilegea au vikiota unga mweupe au wa kijani, umeme hauwezi kupita, hata kama betri imejaa. Visafishwe na kukazwa kabla ya jambo lolote. Moto usisogezwe hapo, kwani betri hutoa gesi iwezayo kulipuka.

Dalili ya tatu ni kipimo. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 na zaidi kidogo. Iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12.0, imekaribia kuishiwa. Injini inapozungushwa, isishuke sana chini ya 10. Injini ikisha kuwaka, kipimo kipande hadi kati ya 13.5 na 14.5, kisipopanda, betri hairudishiwi umeme, na hata ukinunua mpya, nayo itaishiwa. Betri iliyotiwa umeme ikajaa, ikapumzika usiku mmoja mbali na gari, kisha ikashuka sana, hiyo ndiyo iliyokufa kweli.

Kuna sababu kubwa ya kutoihukumu betri kwa haraka. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na kila betri itupwayo lazima ipelekwe mahali. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu, na sumu yake iliingia katika miili ya wakazi. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, aliwaongoza majirani kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi iliendelea kwa rufani hadi Desemba 2024, Mahakama ya Juu iliporudisha hukumu hiyo.

Betri iliyokufa kweli haina budi kubadilishwa, na ile kuukuu ipelekwe kwa wenye kibali cha kuishughulikia. Lakini ile iliyochafuka vichwa, au iliyoachiwa taa ikiwaka usiku kucha, yahitaji kusafishwa au kutiwa umeme tu. Anayetaka kuzipambanua na afuate njia ya Volta: aondoe kishukiwa kimoja kimoja, aone kinachobaki, ndipo atoe hukumu.