Kumwomba Kaisari au Kumwombea Kaisari? Ibada ya Watawala katika Dola la Kirumi, 29 K.K. – 66 B.K.

1.0 Utangulizi

Ibada ya watawala wa kale imejadiliwa kwa muda mrefu kwa mitazamo miwili. Mtazamo wa kwanza huiona kuwa siasa iliyovishwa joho la dini: raia walijua fika kwamba kaisari ni binadamu, ila walimsujudia ili wapate fadhila. Wa pili huiona kuwa imani ya watu waliokuwa na miungu wengi na ambao hawakuona taabu kuongeza mmoja. S.R.F. Price, katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu ibada ya makaisari katika Asia Ndogo, alizikosoa fikra za namna hiyo na kubainisha kwamba sadaka nyingi zilitolewa kwa miungu kwa ajili ya kaisari. Makala hii inaanzia hapo. Katika Kiswahili, kumwomba mtu na kumwombea mtu ni matendo mawili yanayotenganishwa na kiambishi cha kutendea pekee. Makala inadai kwamba ibada ya kaisari ilidumu kwa amani pale ambapo hakuna aliyelazimishwa kuchagua kati ya matendo hayo mawili.

2.0 Ombi la Miji ya Asia

Baada ya Octavian kushinda vita vya Actium mwaka 31 K.K., Wagiriki wa jimbo la Asia walijikuta chini ya mtu ambaye mpinzani wake, Antonius, walikuwa wamemtumikia muda mfupi uliopita. Mwaka 29 K.K. waliomba ruhusa ya kumjengea mahali patakatifu. Octavian alikubali hekalu lijengwe Pergamon, lakini aliabudiwe pamoja na Roma, mungu wa kike wa mji huo. Raia wa Kirumi waliokaa jimboni walielekezwa kwenye ibada nyingine, ya Roma na Julius Kaisari aliyekwisha kufariki. Kwa hiyo mtawala yuleyule alikuwa mungu kwa Wagiriki na kiongozi wa raia kwa Warumi.

Mwaka 9 K.K., kwa pendekezo la gavana Paullus Fabius Maximus, baraza la miji ya Asia liliamua kwamba mwaka uanze siku ya kuzaliwa ya Augustus, yaani tarehe 23 Septemba. Nakala ya uamuzi huo ilichongwa kwenye mawe huko Priene. Heshima hizo ziligombaniwa: mwaka 26 B.K. miji kumi na mmoja ilishindana mbele ya Seneti ya Roma kuhusu mji utakaojenga hekalu la Tiberius, na Smyrna ikashinda. Ni vigumu kuuita ushindani huo utii wa kulazimishwa. Anayeomba kujenga hekalu hupata pia mlango wa kufikisha maombi mengine.

3.0 Yerusalemu: Pale Jibu Lilipodaiwa

Wayahudi hawakuweza kumwabudu binadamu, na Roma ililijua hilo. Suluhisho lilikuwa kuchinja kila siku hekaluni Yerusalemu dhabihu kwa Mungu wa Israeli kwa ajili ya kaisari. Kila upande uliridhika: kaisari alipata uaminifu, na madhabahu ikabaki ya Mungu mmoja.

Gaius, anayejulikana pia kama Caligula, aliuvunja utaratibu huo wa kunyamaziana. Mwaka 40 B.K. aliamuru sanamu yake iwekwe katika hekalu la Yerusalemu. Philo, aliyeongoza ujumbe wa Wayahudi wa Alexandria kwenda kwake, anasimulia kwamba wajumbe walijitetea kwa kutaja dhabihu walizomtolea. Jibu la Gaius, kwa mujibu wa Philo, lilikuwa kwamba walizitoa kwa mwingine, hata kama ni kwa ajili yake, yeye hawakumtolea. Hapa neno “walizomtolea” linabeba maana zote mbili, na Gaius alitaka moja tu. Petronius, gavana wa Syria, alichelewesha utekelezaji, na kuuawa kwa Gaius mwezi Januari 41 B.K. kukaizuia sanamu hiyo.

Utata uliorejea haukudumu. Mwaka 66 B.K. Eleazar mwana wa Ananias aliwashawishi makuhani wasipokee tena dhabihu za wageni, na dhabihu ya kaisari ikakoma. Mwanahistoria Josephus anakiona kitendo hicho kuwa msingi wa vita na Roma. Miaka minne baadaye hekalu liliteketezwa.

4.0 Hitimisho

Mifano hii inaonyesha kwamba kuuliza iwapo watu wa kale “waliamini kweli” uungu wa kaisari ni kuuliza swali ambalo taratibu zao zilibuniwa kulikwepa. Pergamon kaisari aliabudiwa, Yerusalemu aliombewa, na dola likazikubali ibada zote mbili kuwa utii. Gaius alipodai tofauti hiyo ifutwe, na Eleazar alipokataa hata kuombea, nafasi ya kuishi pamoja ilitoweka. Mtafiti wa ibada za watawala, kwa hiyo, hana budi kuchunguza kwanza sadaka ilielekezwa kwa nani, kabla ya kupima imani ya aliyeitoa.