Riad: Nyumba ya faragha iliyofunguliwa wageni

Riad ni nyumba ya kale ya mjini nchini Moroko, iliyojengwa kuzunguka ua wa ndani. Jina hilo latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya bustani, kwani uani hupandwa michungwa na kuwekwa chemchemi. Kwa nje huonekana ukuta mtupu na mlango. Madirisha hutazama ndani ili kuhifadhi faragha ya jamaa na kupunguza joto. Anayezifahamu nyumba za mawe za Lamu, zenye kiwanda katikati, hataona ugeni.

Tangu miaka ya 1990, nyumba nyingi za aina hii katika mji mkongwe wa Marrakech, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 1985, zimenunuliwa na watu wa nje, hasa Wafaransa, na kugeuzwa nyumba za kulala wageni. Ukarabati umeokoa majengo yaliyokuwa yakiporomoka na kuwapa kazi mafundi wa vigae na lipu. Hata hivyo, bei zimepanda, na wenyeji wengi wamehamia vitongojini.

Badiliko kubwa zaidi liko juu ya paa, ambalo ni tambarare. Kwa desturi, hapo palikuwa pahali pa wanawake: walianika nguo na kuzungumza na majirani bila kuonwa na wapita njia. Siku hizi mgeni huandaliwa hapo chai ya nanaa, akiutazama mnara wa Koutoubia na milima ya Atlas. Lakini mapaa ya jirani yangali ya wenyewe. Mgeni mstaarabu huitazama milima, wala hawapigi picha waliomo bila idhini yao.