Miaka 30 ya The Lion King: fisi wetu bado anadai haki yake

Usiku wa Garissa una sauti zake. Mabasi ya Mandera yakishaondoka na jenereta za Soko Mugdi zikazimwa moja moja, unamsikia fisi ng'ambo ya Mto Tana akiita. Sauti huanzia chini, ikapanda, ikakatika. Mtoto aliyelelewa hapa huijua kabla hajajua kusoma. Anajua pia kwamba fisi akipenya uani kwenye mbuzi, kutakapopambazuka watu watahesabu hasara. Kwa hiyo ninayoyaandika leo siyaandiki kwa sababu nampenda fisi. Nayaandika kwa sababu amesingiziwa, tena mara mbili, na mara ya pili imekuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Katuni ya The Lion King ilitimiza miaka 30 mwezi Juni 2024. Desemba mwaka huo Disney ikatoa filamu ya Mufasa, iliyoongozwa na Barry Jenkins kwa mtindo wa toleo jipya la 2019. Tangu hapo ubishi wa zamani umerudi vibarazani na kwenye simu za vijana: ipi bora, ile iliyochorwa kwa mkono mwaka 1994, au ile ya 2019 iliyotengenezwa ionekane kama wanyama halisi?

Katuni niliiona katika banda la video la mabati, mtaa wa Bulla Iftin hapa Garissa, kwa kanda ya VHS iliyochakaa hadi rangi ya manyoya ya Simba ikawa kama ya chai ya maziwa. Tulikaa sakafuni tumebanana. Mufasa, baba yake Simba, alipoanguka chini ya miguu ya nyumbu, banda zima lilinyamaza, na mvulana aliyekuwa mbele yangu akajifunika uso kwa shati. Ya 2019 niliitazama na watoto wa ndugu yangu kwenye televisheni bapa, picha safi kiasi cha kuhesabu ndevu za simba. Mufasa akaanguka. Mdogo wao akaniuliza kama maji ya kunywa yamebaki.

Nimelifikiria swali hilo la maji kwa muda mrefu, na jibu lake linaanzia mbali.

Watu wa huku walianza kuwaona simba wao kwenye sinema miaka mingi kabla ya Disney. Februari 1956 George Adamson, bwana nyama wa ile iliyoitwa Northern Frontier District, alimpiga risasi simba jike na kubaki na watoto watatu. Mmoja ndiye Elsa. Kitabu cha mkewe Joy kuhusu Elsa, Born Free, kilitoka mwaka 1960, na filamu ikafuata mwaka 1966 ikiongozwa na James Hill. Filamu hiyo ilipigwa Kenya kwa simba wenye damu na meno. Wawili, Boy na Girl, walikuwa wamefugwa na kikosi cha askari wa Uskoti. Mwingine aliitwa Ugas, jina ambalo msomaji yeyote wa Garissa analitambua mara moja: ni cheo cha kiongozi wa ukoo kwa Kisomali. Miaka 28 kabla Simba wa Disney hajazaliwa, simba mwenye cheo cha kwetu alikuwa ameshaigiza.

Kamera zilipofungwa, Adamson aliwachukua simba hao akawapeleka Meru, awafundishe kuishi porini. Boy alijeruhiwa, akatibiwa, na mwaka 1970 akahamishiwa Kora, ukingo wa pili wa Tana, ukitazamana na Hifadhi ya Rahole iliyo upande wetu wa Garissa. Huko aliwekwa pamoja na Christian, mwanasimba aliyenunuliwa katika duka la Harrods jijini London. Mwaka 1971 Boy alimshambulia na kumuua mfanyakazi wa kambi. Adamson alimpiga risasi simba yule yule aliyekuwa nyota wa sinema. Ameyaandika mwenyewe katika kitabu chake My Pride and Joy. Agosti 20, 1989, majambazi wakamuua yeye pamoja na wasaidizi wake wawili, na akazikwa hapo hapo Kora.

Nayataja haya kwa sababu neno "halisi" linatumiwa ovyo siku hizi. Filamu ya wanyama halisi ni ile iliyoacha mnyama mwenye njaa, kovu na kaburi. Ile ya 2019 haina hata simba mmoja. Mwongozaji wake, Jon Favreau, alieleza mwenyewe kwamba katika picha karibu 1,500 zilizounganishwa kuwa filamu, moja tu ilipigwa kwa kamera barani Afrika: macheo ya mwanzo kabisa. Zilizobaki zilitengenezwa kwa kompyuta. Kwa maneno mengine, hiyo nayo ni katuni, ila imevishwa ngozi nzuri sana.

Wachoraji wa 1994 nao walikuja Kenya. Timu yao ilitua mwaka 1991, ikazunguka Hell's Gate karibu na Naivasha, ikachora majabali na makorongo. Filamu ikatoka chini ya uongozi wa Roger Allers na Rob Minkoff, nyimbo za Elton John na Tim Rice, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 750 katika mzunguko wake wa kwanza. Hayo yameandikwa sana. Ambayo hayajasemwa vya kutosha ni habari ya fisi.

Stephen Glickman alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katikati ya miaka ya 1980 yeye na mwenzake Laurence Frank waliwachukua watoto wa fisi madoa kutoka Kenya na kuwalea kwenye mabanda juu ya kilima cha chuo hicho, ili kuchunguza maumbile yao. Disney ilipotaka kuchora fisi, wachoraji walipanda kilima hicho wakakaa na kalamu zao mbele ya fisi hao. Tafakari hilo kidogo. Mabega yale ya juu na mgongo unaoteremka, ule mwendo wa kuchechemea unaouona kwenye katuni, ni wa fisi waliotolewa kwetu wakiwa wachanga.

Wanasayansi walikubali kuwapokea wachoraji hao, lakini waliomba jambo moja: fisi waonyeshwe kwa heshima. Walikuwa na sababu. Katika miaka ya 1960 Hans Kruuk, mtafiti Mholanzi, alikesha Serengeti na Ngorongoro akiwafuata fisi gizani. Aligundua kwamba fisi madoa huwinda sehemu kubwa ya chakula chao wenyewe. Ndani ya kreta ya Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyefika baadaye, akawafukuza fisi na kula jasho lao. Watalii walipoamka asubuhi walimkuta simba juu ya mzoga na fisi wamekaa pembeni, wakahitimisha kwamba fisi ni mdowezi. Ushahidi ulisomwa kinyume.

Ombi halikusikilizwa. Filamu ilipotoka, fisi walikuwa wachafu, waoga, wajinga, wakaazi wa makaburi ya tembo, na katika wimbo mmoja walipiga gwaride mbele ya Scar, simba mwovu wa filamu, kwa mfano wa magwaride ya Wanazi. Mkubwa wao akapewa jina Shenzi. Sisi wenye lugha tunajua uzito wake. Ni neno ambalo walowezi walimtupia Mwafrika katika nchi yake. Glickman alikusanya historia yote ya chuki hiyo katika makala ndefu ya mwaka 1995, akianzia kwa Aristotle, akapitia kwa Hemingway aliyefanya mzaha wa kifo cha fisi alipowinda Afrika Mashariki, akaishia kwa Disney. Inasimuliwa pia kuwa watafiti wa fisi walikasirika kiasi kwamba mmoja wao alichukua hatua ya kuishtaki kampuni hiyo kwa kumharibia fisi jina.

Watu wamelicheka jambo hilo. Mimi sioni la kuchekesha. Mwaka 1993, baada ya Waarabu wa Marekani kulalamikia wimbo wa mwanzo wa katuni ya Aladdin, baadhi ya maneno yaliyowakera yalibadilishwa. Binadamu aliyetukanwa aliweza kusema. Fisi aliwategemea wanaomjua, na wanaomjua hawakusikilizwa.

Kisha ikaja 2019, nafasi ya kurekebisha. Disney ilishazoea kuzirudia katuni zake za zamani, na Favreau alikuwa ameshaifanya The Jungle Book mwaka 2016. Filamu mpya ilikuwa ya dakika 118, nusu saa zaidi ya ile ya kwanza, na iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Haki ya fisi ilisogea hatua chache. Gwaride liliondolewa. Shenzi akawa malkia mwenye hadhi, kwa sauti ya Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala aliyekulia Ujerumani. Fisi wenzake, Banzai, mwenye jina la Kijapani, na Ed, aliyekuwa wa kucheka tu, waliachwa, wakaja Kamari na Azizi. Angalau majina yalirudi Pwani.

Lakini kiini hakikuguswa. Simba bado ni mfalme kwa haki ya kuzaliwa, fisi bado ni uchafu unaosubiri nyumba ianguke. Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema toleo jipya ni bora kwa sababu ni la kweli zaidi. Mchoro ukidanganya, mtoto anajua yuko katika ngano, kama anavyojua sungura hazungumzi. Picha iliyofanana na ukweli ikidanganya uongo ule ule, inageuka ushahidi. Mtoto anaona vumbi, anaona mate, anaona jicho la fisi likimeta, anaamini kwamba hivyo ndivyo porini kulivyo.

Porini kumekaa kinyume. Simba dume akifikisha miaka miwili au mitatu hufukuzwa katika kundi alilozaliwa, na akija kutawala hutawala kwa wageni. Harithi jabali la baba. Kama kuna nasaba ya kurithishana katika nyika hizi, ni ya fisi madoa, ambako majike hutawala na mtoto wa malkia huchukua cheo karibu na cha mamaye. Hadithi ya mrithi aliyepotea na kurudi ingemfaa fisi jike.

Na zile nyuso! Wachoraji wa 1994 waliwapa simba nyusi, wakawapa midomo ya kulia, ndiyo maana mvulana wa Bulla Iftin alijifunika shati. Simba wa 2019 wana nyuso za simba, na simba hana uso wa kuomboleza. Sauti inalia, uso umetulia. Sauti nzito ya James Earl Jones, aliyemsemea Mufasa mara zote mbili, haikutosha kuziba pengo hilo. Toleo jipya limepoteza nguvu ya ngano na halikupata ukweli wa mbuga.

Huku kwetu ipo ngano inayomjua simba vizuri zaidi. Wasomali huiita Qayb Libaax, mgao wa simba, na sijakutana na mzee wa Garissa asiyeijua. Wanyama waliwinda ngamia. Simba akamwambia fisi agawe. Fisi akasema nusu iwe ya simba, nusu ya waliobaki. Simba akamchapa kofi lililong'oa jicho. Kisha akamgeukia mbweha: gawa wewe. Mbweha akampa simba nusu, akaikata nusu iliyobaki akampa tena, akaendelea hivyo hadi hakikusalia kitu. Simba akauliza, nani amekufundisha kugawa kwa haki namna hii? Mbweha akajibu: jicho la fisi.

Katika ngano hiyo fisi ndiye pekee aliyejaribu kugawa kwa uadilifu, na mfalme ndiye mdhulumu. Ni dakika tano za masimulizi, na zina akili kuliko saa zote za filamu hizi mbili.

Mgao wenyewe tumeuona kwa macho. Disney iliomba alama ya biashara ya "Hakuna Matata" kwenye mavazi nchini Marekani mwaka 1994, ikasajiliwa mwaka 2003. Desemba 2018, toleo jipya likikaribia, Mzimbabwe Shelton Mpala alianzisha ombi la kuipinga, likapata saini zaidi ya 100,000. Maneno hayo Them Mushrooms waliyaimba katika Jambo Bwana mwaka 1982, na wasemaji wa Kiswahili wameyatumia miaka yote. Kule Afrika Kusini warithi wa Solomon Linda, aliyerekodi Mbube mwaka 1939 na kufa maskini, iliwabidi waende mahakamani hadi mwaka 2006 ndipo wakafikia makubaliano juu ya wimbo uliozaliwa kutokana na kazi yake, ambao umo katika filamu zote mbili.

Na sisi? Kaunti ya Garissa ina hirola, mmoja wa swala walio hatarini zaidi duniani, hawafiki 500, na jamii ya Ishaqbini huko Ijara imewatengea ardhi yake yenyewe. Ina twiga wa Bour-Algi, kilomita chache kutoka mjini, wanaokuja karibu na nyumba jioni na watu wakawaacha wapite. Mtoto wa hapa anamjua Pumbaa, ngiri wa The Lion King, na hamjui hirola. Hilo ni kosa letu, Disney haihusiki. Nairobi ilishaonyesha kwamba inawezekana: Tinga Tinga Tales, ngano za wanyama wa Afrika, ilichorwa hapo na kuonyeshwa Uingereza na Marekani. Mpaka leo sijaona mtu aliyeichora Qayb Libaax kwa watoto wa Kaskazini Mashariki, kwa Kisomali wala kwa Kiswahili.

Kwa hiyo naiomba serikali ya kaunti, pamoja na vijana wenye kompyuta na kipaji ninaowaona mjini: nendeni mkakae na wazee wetu, mrekodi, mchore. Wanaoijua ngano hii kwa ukamilifu wanapungua kila mwaka.

Na mzazi anayeniuliza amwonyeshe mwanawe ipi, namjibu amwonyeshe ile ya 1994, kisha amsimulie habari ya jicho la fisi kabla hajalala.