Mwami Aliyemkataa Mwanawe

Wagiriki wa kale walisimulia habari za Laius, mfalme wa Thebes. Alitabiriwa kwamba mwanawe atamwua. Akaagiza mtoto atupwe mlimani. Oedipus akaokoka, akakua, akamwua babaye njiani bila kumjua.

Jirani zetu Wanyanga wa Walikale wana hadithi iliyo karibu na hiyo. Msimulizi Rureke aliitoa mwaka 1956, na Daniel Biebuyck akaihifadhi kwa maandishi. Mwami Shemwindo wa Tubondo aliwaamuru wake zake saba wazae wasichana tu. Nyamwindo akamzaa Mwindo. Baba akamrushia mkuki, akamzika hai, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Wala mtoto hakufa. Akafika kwa shangazi yake Iyangura. Kisha alirudi pamoja na wajomba zake, na Shemwindo akakimbilia kuzimu. Mwindo akamfuata, lakini tazameni, hakumwua! Alimrudisha nyumbani. Shemwindo akaungama makosa yake mbele ya watu, nao wakagawana nchi kwa amani.

Ndugu wasomaji, hadithi hiyo si Injili, walakini yatufundisha: mtoto ni zawadi, si adui, naye aliyekosewa aweza kuikomesha chuki. Katika jamaa zetu, nani angali akingoja kurudishwa nyumbani?